Feni ya Kubandika

Mashine ilifika kutoka Muscat ndani ya begi la baba yake mdogo, na mpwa wangu alikaa nayo wiki mbili tu kabla hajaanza kuibandika vitu. Cha kwanza kilikuwa feni nyeusi ya plastiki, ukubwa wa boksi la kiberiti, iliyofungwa mgongoni kwa selotepu pana ya kufungia mizigo. Waya wake ulizunguka ukaingia kwenye tundu la chaji la mashine ileile. Siku niliyomkuta alikuwa amekaa sakafuni chini ya pangaboi, miguu ameinyoosha kwenye saruji. Mashine ilikuwa juu ya stuli, imeinuliwa kwa vifuniko viwili vya soda ili hewa ipite chini yake, na yeye alikuwa anacheza kwa padi nyingine aliyoiunganisha pembeni.

"Shikamoo, mjomba. Usiishike upande wa juu, inaunguza."

Jina la kampuni iliyoitengeneza nitaliacha. Ni mojawapo ya zile kompyuta za gemu za mkononi zilizoanza kujaa sokoni tangu mwaka 2022. Imetengenezwa ishikwe, ichezwe kwenye basi, kitandani, kwenye foleni ya hospitali. Sasa imekalishwa kwenye stuli kama mgonjwa, na mwenye nayo amekaa mbali nayo hatua mbili.

Nimeshaona namna nyingi za dawa hii: vipande vya shaba vilivyokatwa kwa mkasi wa bati, pakiti ya barafu iliyoviringishwa kwenye taulo, na vile vipozeo vya kubana mgongoni mwa simu ambavyo vijana wanaocheza gemu ya PUBG huvinunua. Watu huviita ubunifu. Ni ubunifu kweli, wala sina nia ya kuucheka. Lakini mtu anayepanga ndoo chini ya paa linalovuja naye ni mbunifu, na sijamsikia mtu akizitazama ndoo hizo akasifu ujenzi wa nyumba.

Ninachotaka kukifuatilia hapa ni kushuka. Uwezo haujashuka, umepanda kiasi cha kutisha, na mashine ile ya kwenye stuli inachora miji mizima yenye mvua, taa na magari. Kilichoshuka ni kanuni iliyokuwa haiandikwi popote kwa sababu hakuna aliyeitilia shaka: kwamba joto la kifaa ni tatizo la aliyekibuni, na liwe limekwisha kabla kifaa hakijafika dukani. Kanuni hiyo imelegea kidogo kidogo, na ile selotepu ndiyo inayoshikilia kilichobaki.

Gunpei Yokoi aliingia Nintendo mwaka 1965 kama fundi wa kutunza mitambo ya kutengenezea karata za hanafuda. Miaka 24 baadaye, Aprili 1989, kikosi chake kilitoa Game Boy. Falsafa yake aliieleza kwa neno la ajabu: alipenda teknolojia "iliyonyauka", yaani ile iliyokwisha kuzoeleka, bei yake imeshuka na kasoro zake zote zinajulikana, akaitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Chipu ya Game Boy ilikwenda kwa megahezi 4.19, mwendo ambao hata mwaka ule haukumshangaza mtu. Kioo chake hakikuwa na taa wala rangi, ila vivuli vinne vya kijani kilichofifia kama jani la mgomba linaloanza kukauka. Kifaa chote kiliendeshwa na betri nne ndogo, zile tunazoweka kwenye saa za ukutani.

Kitu kizima kilikula chini ya wati moja, kama sehemu 7 kati ya 10 za wati. Betri nne za aina ile zina takriban wati-saa 10 zikiwa mpya. Gawanya, utapata saa kama 14 au 15 za kucheza, na wengi walipata zaidi. Na joto? Wati moja ikisambaa ndani ya kifaa cha ukubwa ule haifiki hata kwenye ngozi ya kiganja. Hapakuwa na tundu la hewa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupumua. Ipo Game Boy moja iliyoungua katika vita vya Ghuba, plastiki yake ikayeyuka na kukunjamana, ikawekwa miaka mingi kwenye duka la Nintendo jijini New York ikiwa bado inawaka. Moto ulioiunguza ulitoka nje.

Washindani wake walikuwa bora kwa kila kipimo cha macho. Atari Lynx ilitoka mwaka uleule wa 1989 ikiwa na rangi na taa nyuma ya kioo. Sega Game Gear ikafuata mwaka 1990. Zote mbili zilitaka betri sita badala ya nne, na zilizimaliza kwa saa tatu, nne, tano. Wazazi walihesabu. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi aliondoka Nintendo mwaka 1996 na akafa kwa ajali ya barabarani Oktoba 1997. Kifaa chake cha mwisho, WonderSwan ya Bandai, kilitoka mwaka 1999 baada ya yeye kuzikwa, na kiliendeshwa na betri moja tu.

Nimekaa kwa Yokoi kwa sababu betri ndiyo iliyokuwa mlinzi wa lango. Mbunifu asiyeweza kupata zaidi ya wati-saa 10 hawezi kumletea mtu joto hata akitaka, kwa kuwa kila wati inayoingia kwenye chipu hutoka ikiwa joto, haina pengine pa kwenda. Uchache wa umeme na ubaridi wa kifaa ni jambo moja lenye majina mawili. Betri za lithiamu zilipokuja, mlinzi yule akaanza kulegea, ingawa si mara moja. PSP ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 2004, ilikuwa na chipu inayoweza kwenda megahezi 333, lakini Sony waliifunga kwenye 222 na hawakuifungulia hadi mwaka 2007. Mtu anayeuza mashine na kuifungia theluthi moja ya nguvu zake anajua kitu kuhusu mkono utakaoishika. Nintendo DS, 3DS, PlayStation Vita: zote zilipita bila feni.

Feni ilikuja kwenye Shield ya Nvidia mwaka 2013, kifaa ambacho wachache walikinunua, kisha ikaja kwa mamilioni ya watu ndani ya Nintendo Switch, Machi 2017. Sidhani wengi walitambua kwamba jambo lilikuwa limetokea. Ilikuwa feni ndogo, yenye sauti ya mtu anayepumua usingizini. Na Switch bado ilikuwa na adabu: ikikaa kwenye kituo chake cha runinga, chipu ya picha ilikwenda megahezi 768, ukiinyanyua, ilishuka yenyewe hadi 384 au 307. Mashine ilijua iko mkononi mwa mtu.

Hapa lazima niingie kwenye chipu zenyewe, kwa sababu wapo watakaosema kwamba yote haya ni matakwa ya fizikia. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walieleza kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volti na mkondo wake navyo vinaweza kupunguzwa kwa uwiano uleule, hivyo kipande kilekile cha chipu kikabeba transista nyingi zaidi bila kuongeza joto. (Dennard ndiye pia aliyebuni aina ya kumbukumbu inayotumika hadi leo katika karibu kila kompyuta na simu, jina lake lingestahili kujulikana zaidi ya lilivyo.) Kwa miaka 30 hivi tasnia nzima iliishi kwa zawadi hiyo. Ilipofika karibu mwaka 2005 zawadi ikakatika. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo kiasi kwamba umeme unavuja hata zikiwa zimezimwa, na volti ikagoma kushuka kama zamani. Tangu hapo chipu zimeendelea kuboreka, lakini kila ongezeko kubwa la kazi linadai malipo ya joto.

Sawa. Fizikia iliondoa zawadi. Haikumwamuru mtu kutumia asichokuwa nacho. Chipu baridi bado zinatengenezwa, tena zina nguvu mara maelfu kuliko ile ya Game Boy. Kilichobadilika ni gemu tulizotaka zije mkononi: gemu zilizoandikwa kwa mashine iliyochomekwa ukutani, yenye bamba la kupozea la ukubwa wa tofali na feni tatu. Steam Deck ya Valve ilipotoka Februari 2022, sifa yake kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba gemu zako za kompyuta zinakufuata. Chipu yake iliwekewa kikomo cha wati 15, betri wati-saa 40. Mwaka uliofuata ROG Ally ya Asus ikaja na betri ya ukubwa uleule na chipu inayoweza kupandishwa hadi wati 30 ikichomekwa kwenye umeme. Ina feni mbili. Ukiiachia ikimbie kwa nguvu zote bila waya, betri hiyo haifikishi saa mbili.

Lynx na Game Gear zimerudi, basi, na safari hii zimeshinda.

Julai 2022 Ulaya iliungua. Tarehe 19 ya mwezi huo Uingereza ilivuka nyuzi joto 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze. Katika siku hizo Valve waliwakumbusha wateja kwamba mashine yao hufanya kazi vizuri penye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Kwamba chipu ikifika nyuzi 100 itapunguza mwendo ili ijilinde, na ikifika 105 itazima. Mwezi huohuo Nintendo nao wakawaambia Wajapani watumie Switch kati ya nyuzi 5 na 35. Nilizisoma habari hizo nikiwa Dar es Salaam, nikatabasamu kidogo. Kule nyuzi 35 ilikuwa dharura ya kutangazwa. Hapa, chumba chenye bati lisilo na dari huivuka alasiri ya Februari na hakuna anayeandika habari.

Sikusudii kuigeuza hii kuwa lawama kwamba hawakutufikiria. Kikomo hicho kimeandikwa wazi kwenye vitabu vya maelekezo, na kila kifaa kina hali yake. Ila kikomo kile kinaonyesha nafasi iliyobaki ni finyu kiasi gani, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme chipu inayokula wati 15 hutulia nyuzi 65 juu ya hewa iliyoizunguka, feni ya ndani ikiwa kwenye kasi yake ya mwisho. Chumba cha nyuzi 25, chipu iko 90, salama. Chumba cha nyuzi 33, iko 98. Chumba cha nyuzi 37, hesabu inasema 102, yaani mashine itakuwa imeshaanza kujipunguzia mwendo na picha zimeanza kukwamakwama. Mchezaji hajafanya kosa lolote. Amekaa tu anapokaa.

Ndipo selotepu inapotoka kabatini.

Tatizo la feni ya kubandika ni mahali ilipo. Joto huzaliwa kwenye kipande cha silikoni chenye upana wa ukucha, hupita kwenye pesti ya kupitishia joto, likaingia kwenye bomba bapa la shaba, likafika kwenye mapezi membamba, na hapo feni ya ndani hulisukumia nje. Hiyo ndiyo barabara. Mgongo wa plastiki hauko kwenye barabara hiyo. Shaba hupitisha joto takriban mara 2,000 kuliko plastiki, kwa hiyo kupuliza plastiki ni kama kumpepea mtu aliyevaa godoro. Isaidie basi kuingiza hewa kwenye matundu? Hapo nako kuna mtego. Feni ya ndani hunyonya katikati na kutema pembeni, imejengwa kusukuma hewa mahali pabana. Feni bapa ya kubandika ni ya kusogeza hewa nyingi mahali pa wazi. Ikikutana na vitundu vyembamba, sehemu kubwa ya hewa hurudi ilikotoka. Ikiwekwa vibaya huziba njia ya hewa iliyokuwepo. Ikipangwa vizuri kabisa, ikavuta hewa ya moto kwenye mdomo wa kutokea, inaweza kupunguza nyuzi chache.

Mpwa wangu alikuwa amepima. "Zimeshuka tatu, mjomba," alisema, na alisema kwa fahari.

Tatu si haba kwa anayekaribia 100. Lakini feni ile imeandikwa volti 5 na ampea 0.15. Zidisha: robo tatu ya wati, na inatoka kwenye betri ya mashine yenyewe. Inakula sawasawa na Game Boy nzima, pamoja na kioo, sauti na gemu. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza Game Boy ndiyo nini, nikakosa pa kuanzia.

Vipozeo vya simu vina habari yao. Ndani yake kuna kibamba kinachotumia jambo lililogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: pitisha umeme, upande mmoja unapoa na wa pili unachemka. Kweli hupoza, na mkononi huhisi kama muujiza. Lakini hula wati 10 na zaidi ili kuhamisha joto kiasi kidogo, na hizo zote nazo hugeuka joto chumbani. Kwetu pwani kuna balaa jingine juu ya hilo. Hewa ya Dar, Tanga au Mombasa wakati wa kiangazi imejaa maji kiasi kwamba kitu chochote kilichoshuka chini ya nyuzi 24 au 25 huanza kutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kijana anayeona kibamba kimefika nyuzi 15 anafurahi. Haoni umande unaojikusanya upande wa ndani wa kifuniko, karibu na saketi, ukiwa na chumvi ya bahari ndani yake. Pakiti ya barafu ni hivyohivyo, ila kwa haraka zaidi. Na anayeiweka mashine kwenye friza kwa dakika kumi kabla ya kucheza, huyo sina la kumwambia.

Wanaofungua mashine ndio wanaogusa mahali penyewe. Kubadilisha pesti iliyokauka, kutoa vumbi na nywele kwenye mapezi, hiyo ni kazi ya maana, na mara nyingi hurudisha nyuzi zaidi ya feni yoyote ya kubandika. Katika miezi ya kwanza ya Steam Deck baadhi ya mashine zilikuwa na feni inayolia kwa sauti nyembamba kama mbu, na wenyewe waligundua kwamba vipande vya teipu nyeusi ya umeme vikibandikwa pahali fulani juu ya feni huipunguza. Ilifanya kazi. Lakini ndani ya mashine hizi hakuna inchi isiyo na mwenyewe. Juni 2022 watu walianza kuchomeka diski kubwa kuliko ile iliyokusudiwa, wakisogeza pedi za joto ili ipate nafasi. Mbunifu mmoja wa Valve ikabidi ajitokeze kuwaomba waache: chipu ya kuchaji iliyo jirani huchemka sana na pedi zile zipo kwa ajili yake, na diski kubwa hula umeme na kutoa joto kuliko mashine ilivyopangiwa. Umesogeza kijiwe kimoja cha bao, zamu nzima imebadilika.

Hata kufungua kwenyewe kuna gharama. Skrubu za mgongoni za Steam Deck za toleo la kwanza hujichimbia njia moja kwa moja kwenye plastiki, bila kikombe cha chuma. Fungua mara mbili, tatu, sawa. Fungua kila baada ya wiki mbili kujaribu pesti nyingine, na siku moja skrubu itazunguka bila kushika. Toleo la mwaka 2023 liliwekewa vikombe vya chuma, na hilo ninalisifu. Liliwekewa pia feni kubwa zaidi, bamba nene zaidi la kupozea, na chipu ileile ikiwa imechapwa upya kwa nanomita 6 badala ya 7. Linakaa baridi kuliko la kwanza kwa kazi ileile, na linaonyesha mbunifu anavyoweza kulibeba joto akiamua kulibeba. Valve pia waliruhusu feni, vioo na vipuri vingine viuzwe kupitia kampuni ya iFixit, jambo ambalo kampuni nyingi bado zinalikwepa. Kwa hiyo mteremko ninaouzungumzia hauendi chini tu. Una vituo vya kupumzikia.

Una pia mashimo. Mwaka 2023 wamiliki wa ROG Ally walianza kuona kadi zao za kumbukumbu zinakataa kusomwa. Tundu la kadi lilikuwa jirani na mdomo wa hewa ya moto. Asus walikiri kwamba katika hali fulani za joto kisomea kadi kinaweza kushindwa kufanya kazi, wakaahidi kuzitengeneza, na wakatoa programu ya kuongeza kasi ya chini ya feni. Huo ni mfano safi wa kilichopotea. Zamani joto lingekuwa sharti la kwanza la ramani: kadi ikae wapi, betri ikae wapi. Sasa likagunduliwa na wateja, kadi moja moja.

Mfano mkubwa kuliko wote ulitoka kwenye mashine ya sebuleni, si ya mkononi. Xbox 360 ilitoka mwaka 2005 ikafa kwa wingi, na Julai 2007 Microsoft ikatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Wenye mashine waliofika mwisho wa subira walizifunga kwa mataulo na kuziacha zichemke makusudi, wakitumaini lehemu zilizopasuka zitashikana tena. Nyingine ziliwaka, kwa siku chache. Mtu anayepasha moto mashine iliyouawa na joto ili imfae jioni moja, huyo ndiye babu wa mpwa wangu.

Kinachonisumbua zaidi ni betri, na huwa hakijadiliwi. Katika mashine ya mkononi betri na chipu ni majirani wa kupanga: wamepakana ukuta. Betri ya lithiamu ikikaa imejaa chaji mahali penye joto huzeeka upesi, hupungua ujazo na huweza kuvimba. Ukicheza huku umechomeka chaja, betri imejaa, chumba kina nyuzi 33, umejenga hali mbaya kuliko zote. Fundi mmoja wa simu ninayemfahamu huweka betri zilizovimba kwenye ndoo ya mchanga nje ya kibanda chake. Ananiambia zamani zilikuwa za simu tupu. Feni ya kubandika haiigusi betri kabisa. Tena inamsaidia mchezaji kusukuma kwa muda mrefu zaidi mashine ambayo ingekuwa imeomba kupumzika, kwa hiyo inaweza hata kumpotosha.

Ipo njia moja inayofanya kazi bila selotepu wala shaba, nayo iko ndani ya mashine nyingi za aina hii: kikomo cha wati, na kikomo cha fremu kwa sekunde. Rudi kwenye hesabu yetu. Chipu ikipunguzwa kutoka wati 15 hadi 10, zile nyuzi 65 juu ya hewa huwa kama 43. Katika chumba kilekile cha nyuzi 33, chipu sasa iko 76. Nyuzi 22 zimeondoka, betri imepata uhai zaidi, feni imenyamaza, na hakuna skrubu iliyoguswa. Hakuna kitu cha kubandikwa kutoka nje kitakachokaribia hapo, kwa sababu nje ni mwisho wa barabara na joto huamuliwa mwanzo. Gharama yake ni fremu 40 badala ya 60, na vivuli visivyo na ncha kali.

Nilimwonyesha mpwa wangu menyu hiyo. Alikuwa anaijua, hakuwahi kuigusa. Tukaiweka wati 9 na fremu 40, tukakata selotepu, tukaitoa feni. Gundi ilibaki mgongoni, imeyeyuka ikawa kama asali chafu, nikaifuta kwa pamba na mafuta ya taa. Akaishika mashine kwa mikono miwili, akahamia kwenye kochi, akacheza. Upande wa juu ulikuwa na uvuguvugu tu. Nikaenda jikoni kusaidia kukuna nazi.

Haikupita nusu saa. Kutoka jikoni nilisikia feni ya ndani ikianza taratibu, kisha ikapanda, ikapanda, hadi ikawa sauti ileile ya mwanzo. Nilipochungulia alikuwa amesharudi sakafuni.

"Vivuli vilikuwa vibaya, mjomba," alisema, na bila kugeuka akanyoosha mkono kuniomba ile selotepu.